Wati 2500 za Kwenye Boksi, 150 za Kwenye Gari: Jinsi ya Kusoma Nguvu za Spika na Amplifaya

Amplifaya yangu ya kwanza ilikuwa imeandikwa 2500W ubavuni, kwa herufi za dhahabu. Niliinunua Kariakoo, na muuzaji alinihakikishia: "Bosi, hii ukiifungulia hapa wanakusikia Magomeni." Wiki hiyohiyo nikaifunga pamoja na sabufa ya inchi 12 iliyoandikwa 1200W. Jumamosi tukaanza safari ya Bagamoyo. Besi ilikuwa nyembamba, nikawa naongeza. Tunakaribia Bunju nikasikia harufu kama ya vanishi inayoungua. Mke wangu akauliza kama ni breki. Breki zilikuwa nzima. Kilichoungua ni koili ya sabufa.

Fundi umeme niliyempelekea hakufungua hata skrubu moja. Aliigeuza amplifaya, akaangalia upande zinakoingia nyaya, akacheka. "Fyuzi moja, ya 25. Sasa hizo 2500 zinapita wapi, kaka?"

Swali hilo ndilo linalobeba mwongozo huu. Wati hazizaliwi ndani ya amplifaya. Zinatoka kwenye betri na alteneta, zinapita kwenye waya na fyuzi, nyingine zinaishia kuwa joto, na zinazobaki ndizo zinazosukuma spika. Ukijua kuzifuata njiani, hakuna boksi litakalokudanganya.

Hatua ya 1: Tenganisha namba ya kuuzia na namba ya kutumia

Kwenye boksi kuna maandishi makubwa na maandishi madogo. Makubwa ni MAX, PEAK, au lile dude la zamani, PMPO. Waliokua miaka ya 1990 wanazikumbuka redio kaseti za mezani zilizobandikwa stika ya wati elfu na zaidi, wakati ukiziwasha umeme wa nyumbani hata haushtuki. Hiyo ndiyo PMPO: haikuwa na kanuni moja inayokubalika ya kuipima, kila kiwanda kilijipimia kilivyopenda. Ukiiona, ipite kama hujaiona.

MAX angalau ina asili. Umeme wa sauti ni wimbi, unapanda na kushuka. Kwa wimbi laini la majaribio, nguvu ya pale kileleni ni mara 2 ya wastani. Kwa hiyo mwenye amplifaya yenye wastani wa wati 100 akiandika MAX 200, hajavunja hesabu. Tatizo ni wanaoandika mara 4, mara 8, mara 15 ya wastani na kutuachia sisi tutafute ukweli wenyewe.

Namba ya kufanyia kazi ni RMS. Kwa amplifaya ni nguvu inayoweza kutoa mfululizo. Kwa spika ni nguvu inayoweza kubeba mfululizo bila kuungua. Wahandisi wenye msimamo watakwambia RMS ni ya volti, na wati zinapaswa kuitwa za wastani. Wana haki, ila ukiuanzisha mjadala huo dukani utafungiwa mlango.

Kama kifaa hakina RMS popote, si kwenye boksi wala kwenye kijitabu, mimi sinunui. Anayeificha namba hiyo anajua kwa nini anaificha.

Hatua ya 2: Anza na redio uliyonayo

Magari mengi tunayoagiza Japani huja na redio za masafa ya kwao, yanayoanzia 76 MHz, hivyo stesheni zetu nyingi hazishiki. Ndiyo maana redio huwa kitu cha kwanza kubadilishwa. Na redio mpya, ya bei yoyote, karibu zote zimeandikwa kitu kilekile: 50W x 4.

Twende na hesabu, si ngumu. Wati ni volti mara volti, gawanya kwa omu, yaani kipimo cha ukinzani wa spika. Gari likiwa linaunguruma, umeme wake unafika volti 14.4 hivi. Spika nyingi za gari ni omu 4. Sasa 14.4 mara 14.4 ni 207. Gawanya kwa 4 unapata karibu 52. Hapo ndipo 50 ilipotoka! Lakini ili uipate, wimbi lazima liwe limekatwa vichwa kabisa, juu bapa na chini bapa, yaani sauti ya kukwaruza isiyosikilizika.

Ukitaka sauti safi, kilele cha wimbi hakizidi hizo volti 14.4, na volti ya RMS ni kilele gawanya kwa 1.414, yaani 10.2. Rudia hesabu: 10.2 mara 10.2, gawanya kwa 4, unapata 26. Toa kinachopotelea ndani ya chipu yenyewe, zinabaki kama 18 hadi 22 kwa kila spika. Fungua kurasa za nyuma za kijitabu cha redio nzuri utakuta maandishi madogo yanakiri hivyo.

Wati 20 safi si haba. Zikikutana na spika zinazofaa, zinajaza gari dogo. Kisichowezekana ni kutaka wati hizohizo ziendeshe sabufa.

Hatua ya 3: Soma amplifaya kama unavyosoma mkataba

"RMS 100" peke yake haijakamilika. Ni sawa na mtu kukwambia gari lake linakula lita 8 bila kusema kwa kilomita ngapi. Uliza mambo manne: wati hizo ni kwa omu ngapi, kwa volti ngapi, sauti ikiwa imechafuka kwa asilimia ngapi, na je, chaneli zote, yaani njia zake za kutolea sauti, zilikuwa zinafanya kazi kwa pamoja?

Kuna wanaotangaza wati za omu 1, huku sabufa yako ni omu 4. Ukishuka omu, wati zinapanda. Ukipanda omu, zinashuka. Kuna wanaopima sauti ikiwa imechafuka kwa asilimia 10, ambapo hata mtoto anasikia mikwaruzo. Ili kumaliza utata huu, mwaka 2003 chama cha watengenezaji wa elektroniki cha Marekani kilitoa kanuni ya CEA-2006, ambayo siku hizi huitwa CTA-2006. Inataka amplifaya ipimwe kwa volti 14.4, kwa omu 4, na uchafu usiozidi asilimia 1. Kampuni hazilazimishwi kuifuata. Ila ukiiona nembo hiyo kwenye boksi, namba zilizopo zinaweza kulinganishwa na za boksi jingine lenye nembo hiyohiyo. Usisahau tu kwamba nembo nazo zinachapishwa, na mashine za kuchapisha zipo kila mtaa.

Kwa hiyo hakiki mwenyewe kwa fyuzi, kama alivyofanya fundi wangu. Jumlisha ampea za fyuzi zote zilizopo kwenye amplifaya. Zidisha kwa 14.4. Hizo ndizo wati zinazoweza kuingia. Kisha toa zinazopotea kuwa joto: amplifaya ya klasi AB, ile inayochemka, chukua asilimia 60, ya klasi D, ambayo sabufa nyingi hutumia siku hizi, chukua 80.

Yangu ya dhahabu: 25 mara 14.4 ni wati 360 zinazoingia. Ni klasi AB, kwa hiyo 360 mara 0.6 ni 216. Nilipoitafuta ile karatasi iliyokunjwa chini ya boksi, nikakuta imeandikwa RMS 75 x 2 kwa omu 4, RMS 100 x 2 kwa omu 2. Jumla 200. Karatasi na fyuzi vilikuwa vinasema kitu kimoja. Herufi za dhahabu ndizo zilizokuwa na habari zao.

Kipimo hiki kina mipaka. Fyuzi huweza kupitisha zaidi ya namba yake kwa muda mfupi, na amplifaya kubwa sana nyingine hazina fyuzi mwilini, zinategemea ile ya kwenye betri. Na fyuzi kubwa si ushahidi wa nguvu kubwa; mtu anaweza kuchomeka ya 40 kwenye kitu cha 20. Lakini fyuzi ndogo yenye madai makubwa ni uongo bila rufaa.

Hatua ya 4: Soma spika, na usiishie kwenye wati

Watu hununua spika kwa wati kana kwamba spika ndiyo inayozitoa. Spika haitoi wati. RMS yake ni kikomo cha kubeba, kama tani zilizoandikwa kwenye mlango wa lori. Lori la tani 10 halibebi tani 10 kwa sababu limeandikwa hivyo, linabeba ulichopakia. Spika ya 300 kwenye redio ya 20 inapata 20.

Kitu kinachoamua kelele utakayoipata ni usikivu wa spika, unaoandikwa kwa desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti: ukiipa wati 1 na kusikiliza mita 1 mbele yake, inatoa desibeli ngapi? Hapa ndipo pesa inapookolewa. Kila unapozidisha wati mara mbili, unapata desibeli 3 tu, ongezeko linalosikika bila kushtua. Ili sikio lione sauti imekuwa kubwa maradufu, unahitaji kama desibeli 10, na hizo ni wati mara 10.

Sasa chukua spika mbili: moja 87, nyingine 92. Tofauti ya desibeli 5 ni sawa na kuzidisha wati mara 3 na kitu. Ile ya 92 ikipewa wati 20 za redio inapiga sawa na ile ya 87 iliyopewa 63. Kama huna mpango wa kununua amplifaya, tafuta usikivu mkubwa, 90 kwenda juu, na usijali kama ubavuni imeandikwa RMS 40 tu.

Mtego mmoja upo. Angalia kama wamepima kwa wati 1 au kwa volti 2.83. Kwenye spika ya omu 8, volti 2.83 ni wati 1 kamili. Kwenye ya omu 4 ni wati 2, kwa hiyo desibeli 3 zimeongezwa kiujanja. Ukikuta 2.83V kwenye spika ya omu 4, punguza 3 kabla ya kulinganisha.

Hatua ya 5: Panga omu kabla ya kununua

Hapa nilikosea mimi. Sabufa yangu ilikuwa na koili mbili za omu 4. Koili za namna hiyo ukiziunga sambamba, chanya na chanya, hasi na hasi, unapata omu 2. Ukiziunga mfululizo, moja ikitoka inaingia nyingine, unapata 8. Omu 4 haipatikani, hata umpe fundi chai.

Amplifaya nayo ilikuwa ya chaneli mbili, na kuendesha sabufa moja ikabidi zibrijiwe, yaani kuunganishwa ziwe moja. Kwenye kubriji, kila chaneli inauona nusu ya mzigo: spika ya omu 4 inaonekana kama 2, ya omu 2 inaonekana kama 1. Karatasi ilisema wazi kwamba ikibrijiwa isishuke chini ya omu 4. Tulipounga kwa omu 2, taa nyekundu ya kujilinda iliwaka kila besi ilipogonga. Tukahamia omu 8, taa ikatulia, na wati zikawa 75 jumlisha 75: 150. Kutoka 2500.

Kwa hiyo chagua sabufa na amplifaya kwa pamoja. Unataka amplifaya ya chaneli moja inayotoa nguvu yake nzuri kwa omu 2? Basi sabufa ya koili mbili za omu 4, sambamba, ndiyo mwenzake. Yako inatoa vizuri kwa omu 4? Chukua koili mbili za omu 2 uziunge mfululizo, au koili moja ya omu 4. Ukichomeka multimita, kile kifaa cha kupimia volti na omu, kwenye spika ya omu 4 itasoma kama 3.2 hadi 3.6, usiirudishe dukani, hiyo ni kawaida, kwa sababu multimita inapima ukinzani wa waya wa koili ukiwa umetulia.

Hatua ya 6: Oanisha, na elewa kilichoua sabufa yangu

Mafundi wengi watakwambia amplifaya ndogo huua spika. Ni nusu ya ukweli. Wati chache hazichomi kitu. Kila siku unasikiliza taarifa ya habari kwa wati 1 na spika zinapona. Kinachoua ni mtu anayekamua amplifaya ndogo ili itoe isichonacho. Wimbi linakatwa vichwa, na wimbi lililokatwa kabisa likawa la mraba hubeba nguvu mara 2 ya wimbi laini la kilele kilekile. Amplifaya yangu ya 150 ilikuwa inaelekea 300, mwendo wa saa nzima, kwenye sabufa ambayo RMS yake halisi, nilikuja kuisoma baadaye, ilikuwa 200. Twita, zile spika ndogo za sauti kali, ndizo huenda mapema zaidi, kwa kuwa koili zake ni nyembamba kama uzi na ukataji huo huzalisha sauti kali nyingi zinazoishia kwao.

Mimi sasa nachukua amplifaya ya RMS sawa na ya spika, au zaidi kidogo, hadi mara moja na nusu, halafu naishusha kwa geini, kirekebishi kilichopo kwenye amplifaya tutakachokiona Hatua ya 8. Chini ya robo tatu sikubali, kwa sababu najijua: wimbo ukikolea, mkono unakwenda wenyewe.

Hatua ya 7: Uliza alteneta kama inakubali

Tuseme unafunga amplifaya ya RMS 75 x 4 klasi AB kwa milango, na ya RMS 400 klasi D kwa sabufa. Ya kwanza: 300 gawanya kwa 0.6 ni 500. Ya pili: 400 gawanya kwa 0.8 ni 500 vilevile. Jumla wati 1000 kutoka kwenye gari. Gawanya kwa volti 13.8 unapata ampea 72. Muziki haupigi kileleni muda wote, kwa hiyo wastani wa kawaida ni theluthi yake au chini, tuseme 24. Alteneta ya gari dogo huwa ya ampea 60 hadi 100, na hapo taa, feni za AC, wipa na injini vinadai haki zao. Mfumo huu unabebeka. Ukitaka mara mbili yake, zungumza na fundi kuhusu alteneta kwanza, sabufa baadaye. Betri ya pili peke yake haitengenezi umeme, inauhifadhi tu, na alteneta ileile ndiyo itakayoichaji.

Mwenye basi au lori, angalia kwanza: mengi ni ya volti 24, na amplifaya ya volti 12 ukiifunga moja kwa moja humo, umeinunua kwa ajili ya kuichoma.

Waya ndio sehemu yenye ulaghai mwingi kuliko zote. Nyaya nyingi za seti za bei nafuu ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na aluminiamu inapitisha umeme kwa kama asilimia 60 ya shaba. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: shaba ni nyekundu mpaka ndani, ya kupaka inaonyesha weupe. Nyingine ni nene kwa mpira tu. Ikate uone shaba yenyewe. Kwa mfumo niliousema hapo juu, nunua namba 4 ya shaba tupu, ambayo ni milimita za mraba 21. Namba inavyopungua ndivyo waya unavyonenepa, usichanganyikiwe. Waya wa ethi uwe na unene uleule, mfupi, kwenye bati lililokwanguliwa rangi.

Na fyuzi kubwa iwekwe karibu na betri, isizidi sentimita 45. Kazi yake ni kuulinda waya, sio amplifaya. Waya wa chanya ukichubuka chini ya kapeti bila fyuzi hiyo, gari zima linakuwa jiko.

Hatua ya 8: Seti geini kwa multimita

Geini siyo kitufe cha sauti. Inalinganisha nguvu ya ishara inayotoka redioni na uwezo wa amplifaya, basi. Kuiweka mwisho hakuongezi wati. Kunaleta ukataji mapema.

Tafuta volti unayoilenga: wati mara omu, kisha kipeuo cha pili chake. RMS 75 kwa omu 4 ni 300, kipeuo chake 17.3. RMS 400 kwa omu 2 ni 800, kipeuo chake 28.3. Tumia namba ndogo kati ya ya amplifaya na ya spika.

Chomoa nyaya za spika kwenye amplifaya. Zima besi busti na kila kikolezo, redio na amplifaya. Geini ianze sifuri. Injini iwe inaunguruma. Cheza sauti ya majaribio, 50 Hz kwa sabufa, 1000 Hz kwa spika za milango, redio ikiwa kwenye robo tatu ya sauti yake. Multimita iwe kwenye volti za AC (mkondo geu), ncha zake mbili kwenye matundu ya spika ya chaneli moja. Pandisha geini taratibu hadi usome namba yako, usimame hapo. Ikiwa volti haifiki hata geini ikiwa mwisho, ama ishara ya redio ni dhaifu, ama boksi limesema uongo.

Rudisha spika, piga wimbo wenye besi nzito, na pima volti za DC (mkondo mnyoofu, kama wa betri) sehemu mbili: kwenye betri, kisha kwenye amplifaya yenyewe. Tofauti ikizidi nusu volti, waya ni mwembamba au ethi imelegea. Kwenye gari langu betri husoma 13.9 na amplifaya ya sabufa 13.6. Ile ya dhahabu bado ipo. Inaendesha spika mbili za milango ya mbele, wati 75 kwa 75 kama karatasi yake ilivyosema, na taa nyekundu haijawaka tena.